Ada ya Chama cha Kitaaluma: Mtaalamu Kijana Alipe au Asilipe?

Kila mwaka vijana wengi humaliza masomo ya uhandisi, jiolojia, kemia, kilimo na sayansi nyingine katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, kisha hutawanyika kwenda kazini. Mwaka wa kwanza wa kazi ni mwaka wa matumizi: kodi ya chumba, godoro, nauli, karo ya mdogo wake aliye sekondari, mchango wa harusi ya binamu. Katikati ya madai hayo hufika barua moja zaidi. Chama cha wataalamu wa fani yake kinamkaribisha kujiunga, nacho kinataja kiingilio, ada ya mwaka na mahali pa kutia sahihi. Kijana huisoma mara mbili, huiweka chini ya vitabu, na swali linalombakia kichwani ni lile lile walilojiuliza waliomtangulia: atapata nini?

Wazee wa taaluma aghalabu hulijibu swali hilo kwa kukemea, wakisema kwamba vijana wa siku hizi hawana moyo wa kujitolea. Kukemea si jibu. Mtu aliyefundishwa kuupima mzigo kabla ya kuchagua boriti ana haki ya kuipima ada kabla ya kuitoa, na chama kinachochukizwa na upimaji huo kimekwisha kutoa habari kukihusu.

Yafaa kwanza kutenganisha mambo mawili ambayo hata wahitimu wenyewe huyachanganya, yaani usajili na uanachama. Usajili ni amri ya sheria. Nchini Tanzania, mathalan, usajili wa wahandisi uliwekwa na Sheria Na. 49 ya mwaka 1968, na mahali pake pakachukuliwa na Sheria Na. 15 ya mwaka 1997. Asiyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi haruhusiwi kufanya kazi kwa cheo cha mhandisi. Ada ya Bodi kwa hiyo haina mjadala. Ni sehemu ya gharama ya kazi kama leseni ilivyo kwa dereva. Mawakili wa Tanzania Bara wamefungwa zaidi, kwa kuwa sheria inawalazimu kuwa wanachama wa Chama cha Wanasheria wa Tanganyika, kilichoundwa mwaka 1954. Lakini mhandisi aingiaye katika Taasisi ya Wahandisi Tanzania, au mwalimu aingiaye katika Chama cha Hisabati Tanzania, hufanya hivyo kwa hiari yake. Hakuna askari atakayemsimamisha njiani amwulize kadi.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Kijana aliyekwisha kuilipa Bodi huona kwamba anadaiwa mara mbili kwa kitu kimoja. Sivyo. Bodi imewekwa kuwalinda wananchi dhidi ya mhandisi asiyefaa, na silaha yake kubwa ni kulifuta jina katika daftari. Kazi hiyo ni ya lazima, lakini kwa sehemu kubwa hufanyika jambo likiisha kutokea. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka, na watu 36 wakapoteza maisha. Siku kama hiyo sheria huuliza ni nani aliyetia sahihi. Swali hilo lina haki yake, ila haliwafufui waliofukiwa. Swali jingine, ambalo halimo katika sheria yoyote, ni hili: siku moja kabla ya zege kumwagwa, mhandisi kijana mwenye wasiwasi anaweza kumwuliza nani, bila kuogopa kuchekwa wala kufukuzwa?

Vyama vyenyewe havilitaji swali hilo vinapojinadi. Barua zao husifia kwanza herufi ambazo mwanachama ataruhusiwa kuziandika baada ya jina lake. Herufi hizo zina faida ndogo kwa yule aombaye kazi katika ofisi inayozitambua, lakini mkandarasi wa wilayani hajui tofauti yake na alama za kiwanda. Kisha husifia jarida. Jarida zuri ni mali, na kuna wataalamu waliookoa fedha nyingi za serikali kwa kusoma makala moja kuhusu udongo unaovimba. Lakini jarida laweza kusomwa maktaba na asiye mwanachama. Mwisho husifia chakula cha jioni cha mwaka, na juu ya hicho hapana haja ya kusema mengi, ila kwamba wali wa bei ile hupatikana kwingineko kwa bei nafuu.

Swali la ada ni la zamani kuliko vyuo vikuu vyote vya Afrika Mashariki, na mmoja wa walioliuliza anajulikana kwa kila mwanafunzi wa fizikia. Tarehe 28 Novemba 1660 watu 12 walikutana katika Chuo cha Gresham, London, wakakubaliana kuanzisha chama cha kukuza maarifa kwa majaribio. Ndicho kilichokuja kuitwa Royal Society. Siku hiyo hiyo walipanga fedha: kiingilio shilingi 10 za Kiingereza, na baada ya hapo shilingi 1 kila juma, mwanachama awepo mkutanoni au asiwepo.

Isaac Newton alichaguliwa kuwa mwanachama Januari 1672, baada ya chama kuiona darubini yake yenye kioo cha kuakisi. Yeye alikuwa akifundisha Cambridge, karibu kilomita 90 kutoka London, na kwa usafiri wa farasi wa siku zile hakuweza kuhudhuria. Machi 1673 alimwandikia katibu wa chama, Henry Oldenburg, akiomba aondolewe katika orodha, kwa sababu umbali ulimnyima faida ya mikutano. Hapana shaka ugomvi wake na Robert Hooke juu ya asili ya rangi nao ulimchosha, lakini sababu aliyoitaja ilikuwa umbali. Oldenburg hakumkemea. Alijitolea kumwombea msamaha wa ada, na Januari 1675 chama kilimwondolea Newton, pamoja na wengine wachache, ile shilingi ya kila juma. Mwezi uliofuata Newton alihudhuria mkutano.

Je, chama kilipata hasara? Januari 1684 wanachama watatu, yaani Edmond Halley, Robert Hooke na Christopher Wren, walibishana kuhusu njia ya sayari: kama jua huivuta sayari kwa nguvu ipunguayo kwa kadiri ya mraba wa umbali, sayari hiyo itapita njia ya umbo gani? Hooke alidai kwamba anajua, lakini hakuonyesha hesabu. Agosti mwaka huo Halley alifunga safari hadi Cambridge kumwuliza Newton, naye akajibu mara moja kwamba umbo ni duaradufu, kwamba alikwisha kulikokotoa, ila karatasi haionekani. Kutokana na ziara hiyo kilizaliwa kitabu cha mwaka 1687 ambacho ndani yake zimo kanuni tatu za mwendo na kanuni ya mvutano, zile zile zinazofundishwa leo katika shule za sekondari za Tabora na Tanga.

Sehemu ya hadithi hiyo isiyosimuliwa sana inahusu mfuko wa chama. Chama kiliidhinisha kitabu cha Newton, lakini hakikuwa na fedha za kukichapa, kwa maana mwaka 1686 kilikuwa kimezitumia katika kitabu kikubwa cha historia ya samaki, chenye picha nzuri na wanunuzi wachache. Halley aligharimia uchapaji wa kitabu cha Newton kwa fedha zake mwenyewe. Naye, akiwa karani wa chama, alilipwa ujira wake kwa nakala za kitabu cha samaki. Mtaalamu anayelalamika leo kwamba chama chake hakijui kutumia fedha na ajue kwamba malalamiko hayo yana ukoo wa heshima.

Mtu akiihesabu ada ya Newton kwa vitu alivyopokea, hesabu haifungi. Hakupata jarida la maana kuliko alilojiandikia mwenyewe, na chama hakikumchapia kitabu. Alichopata ni mtu mmoja mwenye swali zuri, aliyeujua mlango wake na kuona si aibu kuubisha. Bila chama Halley asingalikuwa na ubishi ule wa kumpeleka Cambridge, wala asingalijua kwamba huko kuna mtu wa kuulizwa.

Baadaye swali la ada lilichukua sura nyingine, kwa sababu mtaalamu hakuwa tena mtu wa maktaba mwenye uhuru wake. Alikuwa mwajiriwa, na mwajiri aliweza kumfunga mdomo. Kisa kinachoeleza hali hii waziwazi ni cha huko Marekani, katika reli ya umeme ya eneo la San Francisco iitwayo BART. Treni zake zilibuniwa ziongozwe na mitambo ya kujiendesha, na wahandisi watatu wa shirika hilo, Holger Hjortsvang, Robert Bruder na Max Blankenzee, waliona kwamba mitambo hiyo haikuwa ikijaribiwa ipasavyo. Waliwaeleza wakubwa wao, wasisikilizwe. Mwishowe walipeleka habari kwa mjumbe wa bodi ya shirika. Bodi ikauunga mkono uongozi, na Machi 1972 wote watatu wakafukuzwa kazi.

Reli ilifunguliwa Septemba mwaka huo. Tarehe 2 Oktoba 1972, kabla ya mwezi kwisha, treni iliyokuwa ikiingia kituo cha Fremont haikusimama. Kipande kidogo cha fuwele katika mtambo wa mwendo kilipata hitilafu, na treni iliyopaswa kupunguza mwendo ikapokea amri ya kuuongeza. Ikapitiliza mwisho wa reli na kuingia mchangani. Watu kadhaa walijeruhiwa. Kwa bahati hakuna aliyekufa.

Je, vyama vilifanya nini? Bruder alikuwa amewageukia wenzake katika chama cha wahandisi cha jimbo la California. Tawi la karibu lilichunguza madai yale, likaona yana msingi, likayapeleka mbele ya Bunge la jimbo. Lakini katika ngazi za juu chama chenyewe kiligawanyika, baadhi ya viongozi wakiona haya kushindana na shirika kubwa. Wahandisi walipokwenda mahakamani, Taasisi ya Wahandisi wa Umeme na Elektroniki, yaani IEEE, iliwasilisha Januari 1975 hati ya rafiki wa mahakama. Haikudai kuujua ukweli wa ugomvi ule. Iliomba mahakama itambue kwamba mhandisi ana wajibu kwa usalama wa umma, na kwamba ajira yake haiwezi kuvunjwa kwa sababu ametimiza wajibu huo. Shauri lilimalizwa kwa mapatano nje ya mahakama, kwa hiyo kanuni iliyoombwa haikutamkwa. Mwaka 1978 taasisi hiyo iliwatunukia wote watatu tuzo ya utumishi kwa manufaa ya umma.

Ni haki kukisoma kisa hiki bila kukipamba. Vyama havikuwarudishia wahandisi wale kazi yao. Walikaa muda mrefu bila ajira, na hati ya mahakamani ilikuja karibu miaka mitatu baada ya kufukuzwa. Mtu anayejiunga na chama akidhani amenunua bima ya kazi amedanganyika. Lakini pasipo chama habari yao ingalibaki minong'ono ya watumishi watatu wenye kinyongo. Tawi la chama ndilo lililoifanya iwe swali la kitaalamu, lenye watu wengine wenye elimu ile ile waliokuwa tayari kusema kwamba wahandisi hawa wanajua wanachosema.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Walichoacha kusema ni kwamba vidole vya mkono mmoja viko karibu karibu, na hapa ndipo mtaalamu wa Afrika Mashariki anapopata tabu yake ya pekee. Ichukuliwe, kwa mfano tu, kwamba mhandisi kijana hupata shilingi 900,000 kwa mwezi na chama chake chataka shilingi 90,000 kwa mwaka. Hiyo ni sehemu moja ya kumi ya mshahara wa mwezi mmoja, yaani shilingi 250 hivi kwa siku, fedha isiyomfikisha mtu mbali kwa mama ntilie. Kama mhandisi huyo yuko Dar es Salaam, atapanda daladala jioni aende kusikiliza mhadhara, na hesabu itakuwa imekwisha. Kama yuko Sumbawanga, mkutano mkuu uko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka kwake. Nauli ya kwenda na kurudi, vitanda vya nyumba ya wageni, kiingilio cha mkutano na siku za kazi zilizopotea zitaizidi ada mara kadhaa. Wote wawili wana kadi ya rangi moja, lakini mmoja amelipia chama na mwingine amelipia kadi.

Itajibiwa kwamba simu na intaneti zimeufuta umbali. Zimeupunguza, na tangu mwaka 2020 vyama vingi vimejifunza kuendesha mihadhara kwa njia ya mtandao. Hilo ni jema. Lakini kundi la simu lenye watu 400 ni mahali pazuri pa kupongezana na kupeana pole za misiba, na mahali pabaya pa kusema, "Nimekuta nondo pungufu, nami naogopa kumwambia bosi." Neno hilo huambiwa mtu ambaye uso wake unajulikana, na nyuso hujulikana katika matawi.

Kwa sababu hiyo kijana anayepima ada hana budi kuanzia karibu. Aulize kama chama kina tawi katika mkoa wake au mkoa wa jirani, na kama tawi hilo limekutana mwaka huu. Aulize kama hesabu za mweka hazina husomwa mkutanoni na kuulizwa maswali, au hupigiwa makofi tu. Aulize hasa kama katika mikutano watu huzungumzia kazi zilizoharibika. Chama ambacho wanachama wake husimulia mafanikio peke yake hakina cha kumfundisha mwenye wasiwasi, na hata mwenye mafanikio hakimfai sana. Chama cha ng'ambo kinaweza kusubiri, hata kama kinapunguza ada kwa wakazi wa nchi maskini kama baadhi yao wafanyavyo, maana jarida lake zuri halitakuja Sumbawanga kutazama msingi. Walimu wana kipimo rahisi zaidi: mwalimu wa hisabati aliye katika CHAHITA aangalie kama wanafunzi wake wamepata kushiriki mashindano ya chama. Wakishiriki, ada yake imefika mahali, hata kama yeye mwenyewe hakupata kitu.

Kuna waajiri wanaowalipia watumishi wao ada. Ukarimu huo haupaswi kubezwa, hasa kwa mwenye mshahara mdogo, lakini una mtego ndani yake. Ni vigumu kuamini kwamba shirika lililowafukuza wale watatu lingaliendelea kuwalipia ada ya chama kilichokuwa kikilichunguza. Mtaalamu awezaye kulipa mwenyewe na alipe mwenyewe, walau ada ya chama kimoja, na aitunze stakabadhi mahali ambapo ofisi haina ufunguo.

Baada ya miaka miwili ya kulipa, na afanye hesabu moja isiyohitaji kikokotoo. Aandike majina ya wataalamu wenzake nje ya ofisi yake ambao amewafahamu kupitia chama, na ambao anaweza kuwauliza jambo la kazi usiku huu. Wakiwapo wawili au watatu, ada haikupotea, hata kama hajapata kuonja ule wali wa mwaka. Asipopata hata mmoja, huku yeye mwenyewe amehudhuria na kuuliza, basi anaweza kuacha kulipa bila kuona aibu, na amwandikie katibu sababu yake kama Newton alivyofanya. Barua ya namna hiyo humsaidia katibu mwenye akili kuliko ada ya mtu anayelipa na kunyamaza.

Nao makatibu wana la kujibu. Royal Society, miaka 15 baada ya kuanzishwa, iliona kwamba mwanachama wa kilomita 90 hapaswi kulipishwa sawasawa na yule wa jirani. Vyama vya Afrika Mashariki, ambavyo wanachama wao wanatengana kwa umbali unaozidi huo mara kumi na zaidi, kwa kawaida vina ada moja kwa wote. Hakuna kigumu katika kuandika ndani ya katiba ya chama kwamba mwanachama anayefanya kazi mbali na makao makuu, mahali pasipo na tawi, alipe nusu, na kwamba wakiisha kupatikana wanachama watano katika mkoa, nusu ya ada zao ibaki huko huko kwa nauli na chai ya mkutano. Pendekezo hilo lahitaji theluthi mbili za kura katika mkutano mkuu wa vyama vingi, na mkutano mkuu hufanyika mjini, ambako wapiga kura wengi ni wale wasiohitaji nauli.